Chukulia

Kwa miaka mitano neno lilikuwa hili:
chukulia.
Chukulia boriti haina uzito wake yenyewe.
Chukulia udongo ni wa aina moja hadi chini.
Chukulia mchanga ni safi, umeoshwa, umekauka,
kisha kokotoa.
Nami nilikokotoa, wallahi, nilikokotoa
hadi namba saba ikafutika kwenye kikokotoo,
nikavaa joho la kuazima, nikapigiwa vigelegele.

Hapa Gongoni, kaskazini ya Malindi,
tunajenga mnara wa tangi la zahanati:
lita elfu hamsini juu ya miguu minne.
Uzito wa maji naujua.
Upepo naujua. Nondo nimezihesabu kwa kidole,
moja moja, Chengo msimamizi akinicheka pembeni.

Lori la mchanga liliingia saa mbili asubuhi.
Stakabadhi imeandikwa: Sabaki.
Nikaitazama stakabadhi, nikautazama mchanga.
Chembe za ukubwa ule ule niliousoma,
rangi ile ile ya picha ya kitabuni.
Nikatia sahihi.
Nguzo ya kwanza ikamiminwa kabla ya adhuhuri.

Kesho yake, lori la pili, Nyevu alikuwa karibu,
Nyevu wa kuteka maji, kibarua wa kutwa,
ndoo kichwani, mtoto wa tatu tumboni.
Akaitua ndoo, akainama kana kwamba kaangusha shilingi,
akachota kidogo, akakitia ulimini,
akatema.
"Huu wa mlangoni."
Wa mlangoni?
"Mto unapoingilia baharini. Maji yakijaa, chumvi hupanda.
Sabaki ni Sabaki, dada, lakini mto una mdomo
na una mgongo."
Hakungoja nimshukuru. Miaka sita
alikwangua chumvi kwenye mashamba ya chumvi;
nyayo zake bado zina mipasuko.

Nikaonja nami. Injinia, daraja la kwanza,
nimechuchumaa juani na mchanga mdomoni.
Ukurasa niliukumbuka: chumvi, kutu, ufa,
swali la alama nne. Nilizipata zote nne.
Hakuna aliyesema swali lina ladha.

Bwana Famau akaja kwa gari lake jeupe,
kontrakta, mcheshi, ananukia udi.
"Injinia wangu, mchanga ni mchanga.
Tangi hili litatuzika mimi na wewe."
Akanishika mkono kama mtu anayeaga,
na ndani ya mkono mlikuwa na unene wa bahasha.
"Chukua," akasema.

Chukua. Chukulia.
Silabi moja tu iko kati yao,
na kwa silabi hiyo sikuwahi kutahiniwa.
Hakuna aliyenipa karatasi inayosema:
Mbele yako yuko mtu anayetabasamu.
Mshahara wako umechelewa miezi miwili.
Mama yako anadaiwa kodi.
Onyesha njia.

Sikusema maneno makubwa. Nilisema, "Lori lirudi,"
na sauti ilinitoka nyembamba
kama ya mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda msalani.
Bahasha ikaanguka baina yetu.
Chengo akaiangalia. Kuku wa zahanati akaiangalia.
Lori likarudi kinyumenyume, likipiga honi bila sababu.

Hapo ningeishia, kama ningekuwa namwandikia mama.
Lakini ipo ile nguzo ya kwanza.
Imesimama. Imenyooka. Timazi haina la kuisema.
Sahihi yangu imo ndani yake pamoja na chumvi,
na usiku huu nimeandika kwa mkono wangu:
ivunjwe, na kosa ni langu.

Kesho saa moja nyundo zitaanza.
Nyevu ameniuliza kama kuvunja
kunalipwa sawa na kujenga.
Sijui. Hilo nalo sikufundishwa.
Nimemwambia aje.