Udongo Uwakao

Clonbarra, katikati ya Ayalandi,
nchi isiyo na makaa ya mawe ilijaribu kuchoma udongo wake.
Walikata kinamasi vipande vipande kama mkate, wakavianika,
wakalilisha garimoshi lenye nyuso mbili,
usilojua kama linakuja au linatokomea.

Baba, Fintan Geoghegan, ndiye mchochea moto,
kafungiwa katikati ya matangi mawili ya mvuke,
magunia mabichi viganjani.
Dereva Colm yuko ng'ambo ya chuma;
walisemezana kwa kugonga spana:
moja, ongeza moto;
mbili, simama;
tatu, ungali hai?

Safari ya nne, cheche ziliteketeza nyasi za mjane Delahunt.
Alikuja stesheni na hesabu ya hasara
na yai la kuchemsha, la baba.

Mhandisi aliandika: majaribio yanaendelea.
Hayakuendelea. Liliuzwa kwa kilo,
na filimbi yake hakuna aliyeitaka.

Sasa baba ni mzee, sikio moja limekufa.
Jioni za baridi hugonga kijiko mezani mara tatu.
Mama, bila kugeuka,
hugonga sufuria mara moja,
na baba huinuka kwenda kuchochea jiko.