Upande wa Sita

Sataranji ya Ndahani ilinichosha:
anaziona hatua saba mbele
na chai yake bado ya moto.

Nikachonga dadu kwa mfupa wa mbuzi.
Ikija moja, askari asogee. Mbili, farasi.
Tano ni malkia, kama nafasi ipo.
Upande wa sita sikuutoboa kitu:
ukitazama juu, hakuna wa kugusa kete,
tunakaa tu.

"Sechelela, hii ni bahati nasibu!"
Nikamuuliza, mwaka juzi hapa Mvumi
uwele ulipanda mara ngapi?

Hakujibu.
Akaipuliza dadu kiganjani
kama mtu anayepeperusha makapi,
akarusha.

Ikabingirika hadi nyuma ya gunia.
Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuinama.