Jumatano, Duka la Matairi

Nimemwambia Dallin nakwenda kushona.
Si uongo mzima: mfuko wa vitambaa uko kiti cha nyuma,
na sindano, na uzi wa buluu,
ila gari likifika kwenye mfereji wa kumwagilia viazi
linakata kushoto badala ya kulia,
hadi kwa Thayne Bybee, duka la matairi,
mlango nusu umeshushwa, taa moja tu ndani.

Tuko watano. Mara nyingine sita.
Tunakalia matairi ya theluji yasiyonunuliwa,
magoti yamekaribiana, harufu ya mpira inatuganda nguoni
hata nyumbani naoga kabla ya kusalimia.
Sheria ni moja, imeandikwa kwa chaki
chini ya bei ya kuziba pancha:
Hapa hakuna anayesema "najua".

Maana tumelisema tangu miaka mitatu,
tukiinuliwa mikononi hadi kwenye maikrofoni,
baba akinong'ona sikioni, nasi tukirudia:
najua ni kweli, najua ni kweli,
kabla hatujajua kufunga kamba za viatu.

Corbin amerudi kutoka Chile mwezi wa tisa.
Aliwabatiza arobaini na mmoja. Majina yao anayo
kwenye kidaftari cha mfukoni,
huyasoma kama mtu anayehesabu madeni.
"Kama nilikosea mimi, wao nitawaambia nini?
Kuna mama aliacha kuuza mvinyo kwa neno langu.
Alikuwa na watoto wanne, na mvinyo. Basi."
Jibu hatuna. Thayne anammiminia kahawa,
kahawa tuliyokatazwa tangu tumboni.
Anakishika kikombe mpaka kinapoa. Hajanywa bado.

Mimi nina ngano.
Mapipa kumi na tisa chini ya nyumba,
akiba ya njaa ya mwaka mzima, isiyokuja.
Shaka yangu ilianzia huko, si vitabuni:
nilifunua pipa, nikakuta wadudu,
nikafunika tena, nikaandika tarehe.

Na nina Maren, mwanangu, anayeolewa Aprili
ndani ya hekalu la Logan, asikoingia asiye na kibali,
na kibali hakitoki bila maswali,
na maswali hayataki ila ndiyo.
Askofu ni shemeji yangu. Atauliza akitabasamu.
Ndiyo moja ndogo, nami nitamwona akipiga magoti
kati ya vioo viwili vinavyotazamana,
sura yake ikizaa sura, bila mwisho.
Hapana, na nitamwona akishatoka,
mke wa mtu, uani, na mpiga picha akipanga watu.

Wingi wa shaka, nimegundua, ni mashaka.

Leo nimelia kwa sauti nisiyoijua.
Hakuna aliyenishauri. Nashukuru.
Ila LaRue, miaka sabini na minane,
mpiga kinanda wetu wa kila Jumapili,
ambaye imani ilimtoka mwaka aliomzika mtoto wa pili
na hakuona kinanda kina kosa gani,
LaRue alivua miwani, akaifuta kwa sketi:
"Upande wa mashariki kuna benchi.
Nimelikalia kwa harusi ya Wendell, ya Joan,
ya wajukuu wawili. Baridi huuma hadi saa nne,
halafu jua linakufikia.
Sijui utamjibu nini askofu.
Ukilitaka benchi, nitaleta blanketi."

Tukatoka mmoja mmoja, dakika tano tano,
kama wezi wa kitu chetu wenyewe.

Dallin yu macho. Sikuwahi kuoga.
Ananusa. Anautazama mfuko,
anatoa kitambaa, kilekile cha wiki ya tatu,
mshono umeishia palepale.
Kwa muda mrefu hasemi kitu.
Kisha anasogeza taa, anachukua sindano,
analamba ncha ya uzi, anakosa tundu,
analamba tena, anakosa,
mikono yake ya mkulima ikitetemeka kidogo,
nami nimesimama na koti langu, namngoja.