Twiga Watano Hufanya Kifaru

Maji yamepotea tangu saa tatu.
Bomba linakohoa hewa tupu
na mitungi imejipangia foleni
kutoka kibanda changu hadi kwa fundi wa viatu,
ya manjano, ya samawati,
mmoja umezibwa mdomo kwa kiazi.
Hapa Mukuru maji hayaagi yakienda.
Wenye mitungi wamenizunguka:
Kerubo, Mutisya,
na yule mdogo wa Nafuna aliyevaa kiatu kimoja.

Nikapindua ndoo,
nikamwaga juu ya kitako chake mauzo ya asubuhi.
Haya, hesabuni.

Mutisya akahesabu kwa kidole chenye wino.
"Una shilingi kumi na moja."
Nina sarafu kumi na moja, nikamwambia.
Shilingi ni hesabu nyingine.
Akaniangalia
kama mtu anayekaribia kuibiwa.

Zigeuzeni basi, mwone nani amelala upande wa pili.
Twiga ni moja. Kifaru ni tano.
Simba, kumi.
Tembo ni ishirini, ndiye huyo mnayemwita mbao
ingawa hakuna msumeno uliowahi kumpasua.

Tukapanga twiga watano, shingo kwa shingo.
Nikawaondoa,
nikaweka kifaru mmoja mahali pao.
"Wale wameenda wapi?" Kerubo akauliza.
Wamo ndani yake.
"Amewameza?"
"Kifaru hali nyama," akasema Mutisya,
ambaye darasani kwao kuna picha ukutani.
Nikanyamaza. Ualimu sikuusomea,
nilisomea foleni.

Yule wa Nafuna alikuwa hajasema neno.
Akafumba twiga watano kiganjani, akawatikisa sikioni.
Akawaweka chini, akamtikisa tembo, peke yake.
Kimya.
Akarudisha tembo, akachukua twiga.
"Hawa wanaongea."
Nikawakumbuka wateja wangu wa simu,
wanaonilipa pesa isiyo na mlio wala mnyama,
na nisingejua namna ya kumfundishia mtoto pesa hiyo
juu ya ndoo.

Chini ya rundo ikatokea moja ya zamani,
imechakaa, ina kichwa.
"Huyu ni mnyama gani?"
Huyu ni mtu.
"Mtu ni ngapi?"
Ikabidi niigeuze niione mwenyewe.
Kumi.
"Kama simba?"
Kama simba.
Kerubo akakunja vidole, akavikunjua.
"Basi tembo ni watu wawili."
Fundi wa viatu akaacha kugonga.
Jibu lilikuwa sahihi, na bado
nilitamani kulifuta kwa kanga.

Saa nane bomba likatema kutu, kisha maji,
na hesabu ikawa mbio.
Mtungi, kifaru. Mtungi, kifaru.
Mikono, mifuniko, kelele, matope.
Kerubo akanipa tembo kwa mitungi mitatu,
kaka yake akaisukuma kwa mkokoteni,
nikamrudishia chenji bila kutazama.

Akarudi ameloa hadi magotini.
Akaweka kifaru mmoja juu ya ndoo.
"Umenipa wawili. Mitungi mitatu ni simba na kifaru.
Kwa tembo anabaki kifaru mmoja tu."
Akaondoka kabla sijapata la kusema,
na watu wazima kwenye foleni
wakaanza kuhesabu upya chenji zao,
wengine wakizifungia kiganjani haraka.

Jioni, mwenye tangi hajafika bado,
nikazipanga zote mstari mmoja mmoja
kwa mwanga wa simu.
Zimepungua mbili. Twiga wawili.
Nikarudia, nikapata vilevile.
Najua walipo. Wako ndani ya ngumi ndogo
huko kwa Nafuna, upande wa viwandani,
wanaongea.
Mmoja angekosa wa kujibizana naye.

Nikafungua pindo la kanga
nikatoa twiga wangu wawili,
nikawaingiza kwenye mstari.
Hesabu ikatimia.