Hesabu ya Bora Uhai

Kigoma ilitangaza tisa.
Bujumbura wakasema sita.
Kalemie saba, kisha wakapiga muziki.
Kila serikali ilizika wake, ikafunga daftari,
kana kwamba boti ilizama mara tatu
katika maziwa matatu.

Mimi nilikuwa zamu ya usiku, studio ya pili,
ile ambayo feni yake tunaizima kabla ya kusoma habari.
Nikaandika mgongoni mwa bahasha: 9, 6, 7.
Nikapiga mstari chini yake.
Shule ya Msingi Gungu walinifundisha kujumlisha maembe.

Nikampigia Wilondja, redio ya Kalemie,
naye akamvuta Generoza aliyekuwa Rumonge,
sauti tatu kwenye laini inayokatikakatika.
Tulianza kwa kugombana juu ya maneno.
Mimi nasema jaketi okozi, yeye anasema jile;
mimi dizeli, yeye mazutu;
Generoza akacheka kwa Kirundi, akasema
waliozama hawakudai tafsiri.

Cheti nilikipata mimi, Kibirizi,
kwa karani aliyeomba nisimtaje,
wala nisitaje rangi ya kalamu yake.
Muhuri mzuri. Sahihi yenye mkia.
Imekaguliwa hapa, Jumanne, tarehe kumi na nne,
majaketi sitini, yote mazima.
Ukikisoma peke yake hakina doa:
karatasi iliyooga, ikanyoa ndevu, ikavaa tai.

Wilondja akatuma picha ya daftari la bandari ya kwao,
kurasa zimelowa mawese kwenye pembe:
Jumanne ile ile, tarehe ile ile,
Bora Uhai ilikuwa imefungwa kamba Kalemie
ikipakua saruji tangu alfajiri.

Daftari lilisema lake.
Cheti, ukibaki nacho Kigoma, kilisema lake.
Uongo ulikuwa katikati, majini,
mahali pasipo na ofisi.

Generoza alikaa Rumonge siku nne
akinunua mawese asiyoyahitaji,
hadi akafunguliwa stoo, na ndani ya stoo
majaketi sitini kwenye nailoni isiyowahi kuchanwa,
namba zake zikifuata namba za cheti changu
kama watoto kwenye foleni ya uji.

Ntibakazi, mkuu wetu wa kituo,
alisoma andiko mara mbili, akavua miwani.
"Hii ni redio ya umma," akasema.
Maneno hayo nimeyasikia miaka kumi na moja.
Maana yake subiri. Maana yake ngoja tupige simu Dodoma.
Akarudisha miwani usoni.
"Kwa hiyo soma polepole.
Wapo watakaoandika majina."

Tukapatana dakika, kwa sababu saa hazipatani:
saa mbili usiku kwangu, saa moja kwao,
habari moja, vinywa vitatu,
ili mkono ukizima redio moja
nyingine imalizie sentensi ng'ambo.
Mimi nilisoma marehemu wa Kalemie.
Wilondja akasoma wa kwetu;
jina la Ntahondi alilitamka vizuri
kuliko mwalimu aliyemfundisha.
Nilipofika wa ishirini na mbili nikanyamaza
kwa sekunde tulizokuwa tumepanga.

Simu ya studio ikawaka.
Mwanamke, yuko Kagunga, upepo umejaa kwenye sauti.
Hakushukuru. Hakulia.
"Mmesahau mmoja. Alikuwa mgongoni kwa mama yake.
Wa mgongoni halipi nauli,
basi hawamwandiki."

Nikamwuliza jina.

"Walikuwa hawajakubaliana.
Baba yake Mkongo, mama wa hapa kwetu,
bibi yake yuko Burundi.
Ndiko walikokuwa wanampeleka,
akapewe jina."

Kwenye laini Generoza akauliza, taratibu,
tumwandike wa nchi gani.
Wilondja hakujibu. Nilisikia kiti chake.

Nikaivuta bahasha ile ile.
Nikafuta mstari.