Magongo ya Jumatatu

Funguo za kanisa ziko kwangu.
Mimi ndiye nifagiaye, huku mlimani Kadutu,
watu wakishamaliza kushangilia.

Siku tatu mhubiri mgeni alituombea,
jenereta ikinguruma kuishinda kwaya,
na usiku wa Jumapili, walipokwisha kuteremka
kwa tochi za simu, wakishikana wasianguke kwenye tope,
nilihesabu vilivyobaki mbele ya madhabahu:
magongo matano,
miwani mbili, moja ina ufa,
mkanda wa kiuno wenye harufu ya dawa ya kuchua,
na kiatu kimoja cha mguu mfupi, soli nene ya vidole vinne.
Nikavipanga ukutani.
Nikaandika kwenye daftari: ushuhuda.

Jumatatu, kabla ya saa kumi na mbili,
mvua inaanguka kama inavyoanguka Bukavu,
bila ngurumo, bila haraka,
kama mdai aliyekwisha kukaa mlangoni.
Hodi.
Murhula, fundi redio wa sokoni,
mkono begani mwa bintiye Nsimire,
mguu mmoja chini, mmoja hewani kama swali.
"Nimefuata gongo langu," akasema,
akitazama viatu vyangu.

Sikujibu. Jana yake nilipiga kelele kuliko wote.
Nilimwona: hatua kumi na moja, toka benchi hadi madhabahu,
peke yake. Si uongo.
"Si uongo," akasema naye, kana kwamba nimetamka.
"Nilitembea. Nilifika hata mlangoni kwangu.
Kisha mguu ukakumbuka."

Muujiza na ajizi, nimesikia,
ni maneno yaliyotoka tumbo moja:
kule kuishiwa, kule mikono kulegea.
Ajizi ni nyumba ya njaa, hilo tunalijua.
Muujiza je, ni nyumba ya nani?
Ya wenye imani, alisema mhubiri.
Basi Murhula ametolewa nje kwa kosa gani,
kodi ipi hakulipa?

Kule Kana, aliyeisifu divai
hakujua ilikotoka.
Waliojua ni walioteka maji,
wenye mabega yaliyoloa.
Hapa kwetu nawajua hata kwa majina:
Mama Cibalonza na bidoni lake la lita ishirini,
apandaye ngazi za udongo alfajiri,
akajaza pipa la jirani mgonjwa kabla ya lake.
Haiiti muujiza. Anaiita Jumanne.

Nsimire alikuwa amekwisha kulichukua gongo.
Akaligeuza. Mpira wa chini umekwisha kabisa.
Akatoa mfukoni kipande cha tairi ya pikipiki,
alichokikata jana usiku
(jana, sisi tulipokuwa tukiimba),
na waya, na koleo la babake.
Nilitaka kumwuliza kama hiyo si imani haba.
Lakini alikuwa amepiga magoti sakafuni,
pale pale walipoanguka wengi,
akikaza waya kwa meno.

Ishara ni ishara.
Kibao kinachoonyesha njia ya Uvira si Uvira;
anayekikumbatia kibao atalala barabarani.

Wakateremka. Gongo likagonga tope, halikuteleza.
Nikafungua daftari. Nikalifuta lile neno,
nikalirudisha, nikalifuta tena,
karatasi ikatoboka.

Hadi Ijumaa wakaja wengine, mmoja mmoja, gizani.
Mwenye kiatu alimtuma mtoto.
Mkanda ulichukuliwa nikiwa sipo.

Limebaki gongo moja, fupi, la mtoto,
limechorwa maua kwa kalamu ya bluu.
Mwezi wa tatu huu, hakuna aliyebisha.
Labda anakimbia mahali, Panzi au Bagira,
anafokewa kwa kuchana sare ya shule.
Labda. Najua na majibu mengine.
Kila Jumamosi nalipangusa vumbi.
Ukutani silirudishi, kutupa silitupi,
liko nyuma ya ngoma;
na mlango, nikiufunga, naufunga polepole,
nikisikiliza.