Mshumaa wa Tatu

Hammerfest, Jumapili ya tatu ya Majilio.
Jua limeaga, halirudi hadi Januari.
Saa nne asubuhi, giza tii,
Ragnfrid anapapasa kiberiti.

Mwaka jana aliyewasha ni Oddvar,
akaungua kidole, akacheka.
Kiti chake sasa amekirithi paka.

Wa kwanza unawaka. Wa pili.
Wa tatu unagoma, utambi umezama ntani;
anauchokoa kwa sindano ya kufumia,
moto unamlamba kidole —
ai! —
na kicheko kinamponyoka,
kile kile cha marehemu.

Paka anafumbua jicho moja.
Nje, theluji na usiku ule ule.
Bwana bado yu njiani,
ila furaha imetangulia, pekupeku,
kama mtoto aliyesikia hodi
kabla ya mgeni kubisha.